Général Habarurema na Ng'ombe wa Mwipwa Wake

Wangemuomba mutu mwingine. Hivyo ndivyo Donatille, dada mukubwa wa marehemu, alivyowajibu wazee wa familia walipokuja juzi kukaa mulangoni pake na kofia mapajani, kwamba yeye aliishia mwaka wa pili kwa masista, kwamba kalamu inamuuma vidole kuliko jembe, kwamba Kinshasa imejaa watu wenye diplôme waliokula kwa meza ya Général miaka mingi na midomo yao ingali na mafuta, basi waje wasome hao. Lakini Kinshasa haikuja, na kwetu historia ya marehemu inatolewa na yule aliyemubeba mugongoni, na aliyemubeba ni yeye. Kwa hiyo ameandika. Théoneste, mutoto wa baba yao mudogo, atasoma kwa jina la familia, na ameambiwa asome yote bila kuruka, maana akiruka Donatille mwenyewe atasimama aendelee, na sauti yake munaijua.

Marehemu Honoré Habarurema alizaliwa tarehe 4 août 1930, kwenye milima ya Masisi, mutoto wa nne na wa mwisho wa Zéphirin, mufugaji, na Eugénie, na kati ya wale wanne wawili walikufa kabla ya kuota meno, wakabaki Donatille na yeye. Mama yao alikufa siku tisa baada ya kumuzaa. Donatille alikuwa na miaka tisa, wakamufunga mutoto mugongoni kwa shuka ya marehemu mama, na mutoto hakushuka hapo mupaka alipofikisha miaka mitatu, akawa mutoto wa kulia sana, aliogopa mvua, aliogopa kuku, aliogopa hata padri. Mambo hayo redio haikuyatangaza siku walipomupa nyota za mabega, ndiyo maana yanaandikwa hapa.

Mwaka wa 1937 aliingia shule ya misioni, na wakati huo Donatille alikwisha kuiacha shule miaka mingi, kwa sababu nyumba ilikuwa na mutoto mumoja wa kubebwa na ng'ombe saba wa kuchunga, na baba alikuwa mumoja. Marehemu alisoma vizuri, hilo hakuna wa kumunyima, alimaliza primaire mwaka wa 1943, tena wa kwanza, akaendelea kwa mafrera, watawa walimu, miaka minne.

Kuna jambo moja la wakati ule ambalo lisipowekwa hapa mambo mengine yote hayatasikilika. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, mwaka wa njaa, marehemu aliingia kwenye zizi la mujomba wetu, ndugu ya mama, akafungua mbuzi mukubwa kuliko wote, akamuvuta kwa kamba kupitia katikati ya kijiji mchana kweupe, na wageni waliokuwa wanakunywa pombe kwa mujomba wakaruka wakipiga kelele kwamba mwizi huyo, mwizi, ndipo mujomba alipocheka mupaka akashika mbavu, akasema, "Kaeni chini, huyo ni mwipwa wangu, mwipwa haibi, anachukua chake." Ndivyo ilivyo kwetu, mutoto wa dada akiingia kwenye zizi la mujomba wake haombi, na hakuna anayemufuata, lakini siku mujomba anapokufa, wana wake wote wanakaa chini na mikono mitupu, na mwipwa ndiye anapiga jembe la kwanza kwenye kaburi. Anakula kwake, anamufungulia udongo. Mwaka wa 1952 mujomba yule alipokufa, marehemu aliomba congé ya siku chache, akaja na uniforme yake ya kaki, akavua viatu, akapiga jembe la kwanza mbele yetu sote, tena alipiga vizuri, kwa machozi. Kwa hiyo asitoke mutu leo kusema kwamba marehemu alikuwa amesoma sana, kwamba desturi alikuwa haijui.

Kazi ya jeshi aliianza tarehe 2 mai 1949, katika Force Publique, akatumwa Luluabourg kujifunza, akawa caporal, akawa sergent, na wazungu walipoondoka mwaka wa 1960 akaamuka asubuhi moja akiwa lieutenant, kama wengi. Mwaka wa 1964 alipigana, alipata risasi kwenye nyonga ya kushoto, akawa major, mwaka wa 1968 alipelekwa Ulaya kusoma vita vya Ulaya, akarudi colonel, akawa général tarehe 24 novembre 1973. Watu waliotumika chini yake wanasema alikuwa mukali na hakuwa mwizi, na Donatille anaamini yote mawili, kwa sababu mwizi angalau anaweza kuombwa.

Ndoa yake na Séraphine ilifungwa hapa Goma tarehe 12 juillet 1958, Mungu akawapa watoto watatu, wasichana wawili na mvulana mumoja, wote wako Bruxelles pamoja na mama yao, wote wametuma télégramme, na télégramme ni nzuri sana, imeandikwa kwa mashine.

Katika mwaka wa 1972, tulipoambiwa kwamba majina ya ubatizo ni mizigo ya wazungu, marehemu alilitupa jina la Honoré kabla hata hajaambiwa mara ya pili, akawa Citoyen Habarurema, ndiyo kusema Mwananchi, akatuma barua kwa familia kwamba kuanzia siku ile asiitwe vingine, na Donatille akamujibu kwa mukono wake mwenyewe barua ya mustari mumoja, kwamba mutoto aliyekojoa mugongoni pake miaka mitatu alikuwa anaitwa Honoré, kama Citoyen anamujua amusalimie.

Tarehe 15 février 1976 aliwekwa Commissaire d'État à la Défense nationale, ndiyo kusema waziri wa jeshi lote la Zaïre. Goma ilicheza siku mbili. Alijenga nyumba ya ghorofa kando ya ziwa, akanunua ferme kule Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru, akaweka ng'ombe mia tatu chini ya muchungaji wake Célestin, na moto wa mulima uliposhuka janvier 1977 ukala vijiji na watu wake, alikuja na ndege, akasalimia mawe, akarudi na ndege.

Sasa Théoneste asome polepole, kwa sababu hapa ndipo kila aliyetoa historia hii nyumbani kwa marehemu alikuwa anakohoa na kuomba maji.

Donatille alizaa mutoto mumoja tu, na bwana wake alikufa mapema. Mutoto yule aliitwa Rémy, alizaliwa tarehe 19 mars 1941, marehemu alikuwa na miaka kumi, ndiye aliyemufundisha kupiga mluzi wa ng'ombe na kukata fimbo, na Rémy aliingia jeshi kwa sababu ya mujomba wake, si kwa sababu nyingine. Alikuwa sergent, hakuwahi kutumia jina la mujomba hata kwa kuomba soksi. Katika août 1978 peloton yake, kikosi chake kidogo, iliwekwa kwenye barabara karibu ya Kalengera, wakasahauliwa pale, wiki tatu bila chakula, wengine wakaanza kung'oa mihogo ya mamama na kupokonya kuku, na Rémy akawakataza, akasema, "Tusiwaibie hawa. Hapa karibu iko zizi ambalo mimi siwezi kuliibia." Mchana, bila bunduki, aliiacha kambini, akaingia ferme ya mujomba wake, akamusalimia Célestin, akachagua ng'ombe dume mumoja mwekundu, na Célestin mwenyewe akamupa kamba, akamuambia, "Kula, mwipwa, na umuombee mujomba wako maisha marefu." Askari ishirini na wawili walikula.

Kulikuwa na commandant mumoja mwenye hamu ya kupanda cheo, tunaacha jina lake kwa sababu naye amekufa na ana watu wake wa kumulilia, aliyeandika kwamba askari wenye silaha wameshambulia mali ya Commissaire d'État. Korti ya kijeshi ilikaa hapa Goma tarehe 3 na 4 octobre 1978. Célestin alitembea kwa miguu toka Kalengera, siku mbili, akasimama mbele yao na fimbo yake, akasema, "Wakubwa, mimi ndiye muchungaji, sikuibiwa, huyu ni mwipwa," jaji akamuuliza imeandikwa wapi, Célestin akajibu, "Muzee, wewe mwenyewe kwenu huna mujomba?" Watu wakacheka, na kwa kicheko kile jaji akakasirika. Wakamuhukumu Rémy kupigwa risasi. Lakini hukumu ya namna ile haikuweza kufanyika bila mukono wa mukubwa wa Défense, ikabidi dossier ipande Kinshasa, na Goma yote ikapumua, watu wakamupongeza Donatille njiani wakisema sasa mutoto amepona, karatasi imeenda kwa mujomba wake. Hata Donatille alipumua. Hilo ndilo kosa lake katika historia hii na analiandika mwenyewe.

Hakukaa kungoja hata hivyo, anajijua. Mufanyabiashara mumoja wa maharagwe alimupakiza katika ndege ya mizigo, akakaa juu ya magunia pamoja na makabichi, akafika Kinshasa tarehe 21 novembre 1978, mara yake ya kwanza na ya mwisho, akapelekwa kwa nyumba ya mudogo wake. Marehemu alimupokea vizuri. Alikuwa amevaa abacost nyeusi, lile koti la wakubwa lisilo na tai, alimukalisha kwenye kiti laini, akaamuru wamupikie samaki, na Donatille hakugusa samaki, alimuuliza maneno matatu tu.

"Ng'ombe alikuwa wako?"

"Wangu, dada."

"Uliibiwa?"

Hapo alitazama dirisha. Akasema, "Dada, huku si Masisi, nikimuachilia watasema Habarurema anapika sheria ya nchi jikoni kwake."

"Jikoni kwako mimi nimekuta samaki tu. Rémy ni nani kwako?"

Hakujibu neno hilo la tatu. Alisema, "Nitaangalia dossier," akasema, "Pumzika kwanza, umechoka na safari," na Donatille akapumzika siku mbili katika nyumba ile, akala mukate wake, akalala kwenye shuka zake, akaondoka na kitenge cha wax alichofungiwa na Séraphine, akiamini. Mwaka uliofuata ndipo karani mumoja mwenye haya alimuonyesha karatasi. Marehemu alikuwa ameisaini tarehe 20 novembre, siku moja kabla dada yake hajashuka kwenye ndege. Alipokuwa anasema ataangalia, wino ulikwisha kukauka. Rémy alipigwa risasi tarehe 29 novembre 1978, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na miaka thelathini na saba, akaacha muke na musichana mumoja, Henriette, na karatasi inasema amezikwa, haisemi wapi.

Kitenge kile kiko, hakijashonwa, wanaotaka kukiona wapite nyumbani.

Watu wengi wanauliza kwa nini alifanya hivyo, na wengine wanasema alilazimishwa, wengine wanasema kazi ilimuroga. Donatille alikwisha kufikiri miaka kumi, amefika hapa tu, kwamba mutoto yule aliogopa mvua na kuku, akakua, akapewa askari elfu nyingi, na woga haukumutoka, ulibadilisha tu nguo. Aliogopa neno moja la kusemwa Kinshasa. Neno lenyewe lilikuwa, huyu ni mwipwa wangu. Mujomba wetu, ambaye hakujua kusoma, alilisema akicheka, na kikombe cha pombe mukononi.

Na faida? Tarehe 18 janvier 1980 redio ilisoma majina ya wakubwa wapya, lake halikuwemo, na alipokwenda kuuliza, mumoja wa wale aliowaogopa alimuambia usoni kwamba mutu aliyetoa damu yake mwenyewe, wengine watamuaminije. Wakamurudisha Goma, wakamukataza kutoka. Nyumba ya ghorofa ilichukuliwa, ng'ombe wa Kalengera waliisha mumojamumoja kwa wale waliokuwa wanamupigia saluti, Séraphine akaenda Ulaya kutibiwa meno na angali anatibiwa.

Ugonjwa wa figo ulimuanza katika mwaka wa 1985. Tarehe 9 juin 1986 alikuja kwa mulango wa Donatille na valise moja, miguu imevimba, akasimama nje kwenye mvua bila kubisha, mupaka jirani ndiye aliyeita, "Mama Donatille, kuna muzee hapa nje." Donatille alimufungulia. Wengine waliimba kwamba amemusamehe, padri alihubiri hata jumapili. Hapana, alimulisha, kulisha na kusamehe ni sufuria mbili. Alimupa kitanda cha Rémy kwa sababu nyumba haikuwa na kingine.

 Mwezi wa pili, siku moja akimupa uji, Donatille alimuuliza, "Mutoto wangu yuko wapi?" akajibu, "Sijui." "Mutu aliyeamuru jeshi lote hajui?" Akasema, "Sikuuliza." Miaka minane hakuuliza. Akaanza kuuliza hapo, na jeshi halikuwa lake tena, aliandika barua kumi na nne kwa officiers wake wa zamani, Henriette akizipeleka posta, na majibu yaliyokuja ni mawili, moja linamutakia Noël njema, lingine linasema muhusika hafahamiki.

Na alipoona mwili unaisha, akaingiwa na woga wake wa mwisho, ule tunaoujua wote tuliokaa hapa. Aliwaita wazee, akawauliza nani atamupigia jembe. Dada alikuwa naye mumoja, na dada alizaa mumoja. Wakapendekeza Laurent, mutoto wa binamu, kijana mwenye heshima, lakini kwetu mwipwa mwingine hawezi kusimama pale mama wa mwipwa asipomutolea jembe kwa mukono wake, kwa hiyo wote wakamugeukia Donatille, na marehemu akasema, "Dada, nakuomba, nisiingie kama mbwa." Donatille alikuwa anachambua maharagwe. Akamuambia, "Jembe la Rémy liko pale nyuma ya mulango, toka siku aliyokufuata jeshini. Mwite mwenyewe alichukue."

Tarehe 2 mars 1988 marehemu alifanya jambo moja ambalo Donatille hatalificha, kwa sababu historia ni historia. Katika ng'ombe mia tatu alikuwa amebaki mumoja, dume mweusi, ambaye Célestin alimuficha kwa ndugu zake miaka yote. Alituma aletwe. Aliinuka, watu wawili wakimushika, akatoka uani mbele ya wazee, katekista na majirani, akashika kamba, akaiweka katika mukono wa Henriette, akasema kwa sauti iliyosikilika mupaka barabarani, "Huyu ni wa Rémy. Rémy alikuwa mwipwa wangu. Hakuiba." Baadaye akaketi chini kwenye mawe, akalia kama alivyokuwa analia zamani, na Donatille alisimama pale mikono ikimuning'inia, mugongo wake ukakumbuka ule uzito, lakini hakuinama. Neno lile lingesemwa kwenye kiti laini, mbele ya samaki, lingekuwa na mutu wa kulipokea.

Alikufa tarehe 14 mars 1988, saa tisa mchana, katika nyumba ya dada yake, akiwa na miaka hamsini na saba.

Familia inashukuru munganga aliyekuja kila wiki bila kuulizwa nani atamulipa, na infirmière wake aliyemuosha miguu. Inashukuru majirani walioleta makaa, majani ya sombe na sambaza wa ziwa, na mamama wa soko la Kituku waliokesha wanaimba. Inashukuru Célestin, aliyetembea tena kutoka Kalengera kwa miguu, sasa muzee wa fimbo mbili. Inashukuru wenzake wa jeshi, wale wawili waliofika, na wale wengine waliotuma maua na sababu. Hata wale vijana wa usalama waliokaa karibu ya geti wanashukuriwa, waandike polepole, hatuna haraka.

Leo asubuhi wazee walirudi mara ya mwisho kuomba jembe, Laurent akiwa nyuma yao amevua viatu tayari, na Donatille aliwatolea kiti, akalisimamisha jembe juu ya kiti, mbele ya sanduku, mulione wote, na hakumupa mutu. Kaburi limefunguliwa na watu wa kukodi, kwa vyuma, maana ardhi hii ni mawe ya mulima na vyuma vinaiweza, wamechimba kwa kipimo, hawakujua wanamuchimbia nani, wamekwisha kuondoka. Hiyo ndiyo bei. Ng'ombe amefungwa nyuma ya nyumba, munamusikia, marehemu amelipa mwekundu kwa mweusi, sawasawa, hakuna anayemudai ng'ombe tena. Lakini jembe la kwanza halikupigwa, na Général aliyeamuru nchi nzima ataingia mahali ambapo hakuna mutu wake aliyemufungulia.

Rémy, mwana wa Donatille, mahali popote walipokuweka, udongo ule usikuumize, pumzika kwa amani, jina lako limesomwa. Na wewe Honoré, shuka sasa mugongoni. Dada yako amechoka.